Maua Mabichi Katika Boksi la Zawadi

Chukua kalamu na karatasi, au mwite mwanao wa shule akuandikie, kwa sababu leo kuna vipimo ambavyo si vizuri kuvisikia na kuviacha vipite.

Leo tutazungumza juu ya zao ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa zao. Zao hilo ni maua. Najua wapo watakaosema, "Bwana Shamba leo kaishiwa maneno. Maua yanaliwa?" Hayaliwi, ni kweli. Lakini pareto ni ua, nayo hailiwi, na wakulima wa Nyanda za Juu wanajua imesomesha watoto wangapi. Karafuu ya Unguja na Pemba ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Kwa hiyo neno "maua" lisitufanye tucheke. Tuulize kama tunaulizavyo kwa mahindi: nani ananunua, anataka nini, na sisi tumpelekee katika hali gani?

Siku hizi mijini watu wanapeana maua yaliyopangwa ndani ya boksi zuri lenye utepe. Wanapeana siku ya mahafali, siku ya harusi, mama anapojifungua, mgonjwa anapopata nafuu. Mkulima wa Lushoto, wa Arumeru, wa miteremko ya Kilimanjaro au wa Njombe ana baridi ya kutosha kuotesha waridi na krisanthemamu nyuma ya nyumba. Lakini mara nyingi huyauza yakiwa kwenye ndoo, kwa bei atakayopanga mnunuzi, na jua likishapanda bei hiyo hushuka, kwa kuwa mnunuzi anajua kuwa maua hayasubiri.

Jambo hili si geni kwetu. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa mmoja wa utawala wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire. Leo linauzwa katika vyungu vidogo duniani kote. Ua ni la kwetu, lakini walioliweka katika chombo na kulipeleka sokoni ni wengine.

Sasa kuna habari njema katika mambo ya boksi. Mnunuzi wa maua ya ndoo anataka shina refu, lililonyooka. Shina fupi au lililopinda hulikataa, nawe hulitupa kwa mbuzi. Boksi halitaki shina refu. Boksi linataka kichwa cha ua kilicho safi, na shina la sentimita 5 au 6 tu chini yake. Maana yake ni kwamba yale uliyokuwa ukiyatupa ndiyo yanayofaa. Hiyo ndiyo faida ya kwanza kwa mkulima mdogo.

Lakini boksi nalo lina sharti lake. Lisipotimizwa, boksi huwa jeneza la maua. Nimewahi kutembelea kikundi cha akina mama waliopeleka maboksi kumi kwenye harusi. Yalipangwa vizuri, yakapendeza, yakapokelewa saa nne asubuhi. Ilipofika saa kumi jioni, wakati wa kupiga picha, waridi zote zilikuwa zimeinamisha shingo. Mwenye harusi akakataa kumaliza malipo. Maua hayakuwa na ugonjwa. Yalikuwa na kiu. Yalikatwa mchana, yakapangwa palepale bila kunyweshwa, yakachomekwa katika sponji iliyolowa juu lakini kavu ndani. Kwa hiyo, ndugu mkulima, lishike neno hili moja: boksi ni pambo tu, chombo cha kazi ni maji yaliyomo ndani yake.

Tuanze na shambani.

Ua lililokatwa halijafa. Linaendelea kupumua na kutoa maji kwa njia ya majani na petali zake. Kilichokatika ni njia ya kupata maji. Kuna maadui wanne wa ua hilo. Wa kwanza ni hewa, ambayo huingia kwenye mirija ya shina na kuiziba. Wa pili ni vijidudu, ambavyo huzaana katika maji machafu na kuziba mirija ile ile. Wa tatu ni joto, ambalo huharakisha kiu na uzee. Wa nne watu wengi hawamjui: ni hewa itokayo kwenye matunda yanayoiva. Wataalamu huiita ethilini. Ndiyo ile inayofanya ndizi moja mbivu iivishe wenzake ndani ya kapu. Ua nalo likiipata huzeeka upesi na kudondosha petali. Basi usiweke maua stoo moja na ndizi mbivu, maembe wala nyanya, na usiyaweke jikoni penye moshi.

Vuna alfajiri kabla jua halijapanda, au jioni likishatua. Alfajiri ni bora, kwa sababu mmea umekunywa usiku kucha. Ndugu zetu wa pwani wanalijua jambo hili la saa. Anayetunga kikuba huchuma asumini ikiwa bado tumba, mwisho wa mchana, ifunguke usiku kwenye nywele au kifuani mwa mwenyewe. Akingoja ifunguke mtini amechelewa.

Kila ua lina hatua yake ya kuvunwa. Waridi livune petali moja au mbili za nje zinapoanza kulegea. Ukilivuna likiwa limefumba kabisa, huenda lisifunguke tena na shingo ikalala. Krisanthemamu ivune ikiwa karibu kufunguka yote. Gladiola ivune maua mawili ya chini yanapoonyesha rangi. Alizeti ya mapambo ivune petali zinapoanza kuinuka.

Tumia kisu kikali au mkasi wa kupogolea uliooshwa. Kisu butu huponda mirija. Nenda shambani na ndoo yenye maji safi, kina cha sentimita 10 hadi 15, na kila shina likishakatwa liingie majini mara moja. Usikusanye fungu kwapani halafu ndiyo utafute ndoo. Ndoo yenyewe ioshwe kwa sabuni kama unavyoosha chombo cha maziwa. Mfano wa kupima ni huu: kama wewe mwenyewe huwezi kunywa kwenye ndoo ile, basi na ua lisinyweshwe humo.

Sasa tufike kwenye hatua ambayo akina mama wale waliiruka. Inaitwa kunywesha.

Ukifika nyumbani, ondoa majani yote yatakayozama majini, kwa sababu jani likizama huoza. Kisha kata tena ncha ya shina, sentimita 2 au 3, kwa mshazari, huku ncha ikiwa ndani ya maji ya beseni. Kwa nini ndani ya maji? Ili kinachoingia kwenye mirija kwanza kiwe maji, wala si hewa. Weka ndoo mahali penye giza, baridi na pasipo upepo, kwa muda usiopungua saa tatu. Ukiweza, iache usiku kucha. Maua ya boksi la kesho asubuhi yavunwe jana yake jioni au alfajiri ya jana.

Huna jokofu? Fikiria mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu mtungi hutoa jasho. Zungushia ndoo gunia lililolowa, weka kivulini penye hewa kidogo, na gunia lisikauke. Kikundi kinaweza kujenga kichumba chenye kuta mbili za wavu, katikati mkaa, na mkaa ukamwagiwa maji kila siku. Kazi hii hufanikiwa zaidi wakati wa kiangazi kuliko masika, kwa sababu hewa kavu ndiyo inayokausha maji na kuleta baridi.

Maji ya kunywesha unaweza kuyatengenezea chakula. Andika. Kwa lita 1 ya maji safi, weka vijiko 2 vya chai vya sukari, kijiko 1 cha chakula cha maji ya ndimu au limau, na robo kijiko cha chai cha dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe. Sukari ni chakula cha ua. Ndimu husaidia maji kupanda. Klorini huzuia vijidudu. Narudia: usitie sukari bila klorini, maana utakuwa unalisha vijidudu. Na jambo la hatari: usichanganye klorini na ndimu vikiwa vitupu, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Kila kimoja kiingie peke yake kwenye maji mengi, ukiwa mahali palipo wazi, na chupa ya dawa iwekwe mbali na watoto.

Haya, sasa boksi.

Boksi la kuanzia liwe la karatasi ngumu, sentimita 20 kwa 20, kina 15. Wenye ukindu na milala wanaweza kusuka kikapu chenye mfuniko, nacho ni kizuri na kinabaki kutumika nyumbani. Chochote utakachochagua, usimwage maji ndani yake moja kwa moja. Tia ndani chombo kisichovuja: sahani ya plastiki yenye kina, au dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa na kuoshwa vizuri. Kijaribu usiku kucha juu ya karatasi kavu. Kikilowesha karatasi, kitalowesha gauni la bibi harusi.

Ndani ya chombo lazima kiwepo kitu cha kushika maua. Kipo cha dukani, ile sponji ya kijani iliyobuniwa Marekani mwaka 1954 na Vernon Smithers. Kipande cha kawaida kina urefu wa sentimita 23, upana 11 na kimo karibu 8. Kinameza karibu lita 2 za maji, kwa hiyo kikilowa kina uzito wa kilo 2 hivi. Kiweke juu ya maji kwenye ndoo, ukiache kizame chenyewe, halafu kikate vipande uviunganishe vienee chombo chako. Usikikandamize kwa mkono! Ukikandamiza, nje hulowa na katikati hubaki pakavu, nawe hutajua mpaka ua lifike hapo na kukuta jangwa. Hilo ndilo lililowapata wale wa harusi. Sponji hii ni aina ya plastiki. Haiozi, haifai kutumika mara ya pili, na vumbi lake si zuri kwa mapafu, kwa hiyo ikate ikiwa imelowa, na mabaki yake usiyatupe mtoni wala kwenye mboji.

Asiye na sponji asikate tamaa. Chukua kipande cha wavu wa kuku, kikunje kama mpira uliolegea, ukiweke ndani ya chombo na utie maji. Mashina yatashikwa na matundu, na wavu utautumia mwaka mzima. Kwa kazi ya siku moja tu, hata kipande cha shina la mgomba kinashika maua, kwa maana kimejaa maji. Lakini kiweke ndani ya chombo chenye maji kidogo, na jihadhari na utomvu wake. Doa la mgomba halitoki kwenye nguo.

Kupanga hakuna siri kubwa. Anza na majani ya pembeni yafiche ukingo wa chombo. Majani tunayo: kangaga wa bustanini, mkalitusi, na matawi ya mrehani, ambayo huleta harufu mtu anapofunua mfuniko. Usitumie mnyaa hata kidogo, kwa kuwa utomvu wake huumiza vibaya macho. Wala usiingie kwenye hifadhi ya msitu kukata majani au kung'oa yale maua ya zambarau ya Usambara, kwani porini yamekuwa machache. Otesha ya kwako.

Baada ya majani, weka maua makubwa. Panga kama unavyopanda mahindi kwa mistari, ila ua la mstari wa pili likae katikati ya mawili ya mstari wa kwanza, nafasi zisionekane. Kama kila waridi lina upana wa sentimita 5, boksi hilo litataka maua karibu 16. Kama ni ya sentimita 4, litataka karibu 25. Kata kila shina kwa mshazari kwa kisu kikali dakika ile ile unayolichomeka, liingie kwenye sponji sentimita 3 au 4, moja kwa moja. Usilichomoe na kulirudisha kwenye tundu lile lile, maana chini yake pamebaki hewa. Ukilichomoa, kata ncha upya na ulichomeke mahali pengine. Mwisho kabisa jaza mapengo kwa maua madogo. Kati ya maua na mfuniko ibaki nafasi ya vidole viwili.

Usinyunyizie petali maji kisha ukafunika boksi ili lionekane lina umande. Joto la ndani na unyevu ule huleta ukungu wa kijivu, na kesho petali zina madoa kama ya kuungua. Mfuniko uwe na matundu machache, au utengeneze boksi lisilofunikwa. Wakati wa masika ukungu huu huanzia shambani, kwa hiyo kagua kila ua na lenye doa liache. Ua moja bovu hufanya lile lile linalofanywa na nyanya moja bovu katika tenga.

Jambo jingine. Wateja wengine hutaka chakuleti au biskuti ziwekwe pamoja na maua. Ziwe katika karatasi zake na katika chumba chao ndani ya boksi, zisigusane na maua wala majani. Maua hupigwa dawa za wadudu zisizotakiwa kugusa chakula.

Boksi likisafiri, likae sawasawa, kivulini. Usiliweke juu ya injini ya basi wala dirishani penye jua, na usiliweke kapu moja na ndizi za shangazi. Likifika, mwambie mteja maneno matatu, au yaandike kwenye kadi: weka mbali na jua, ongeza maji nusu kikombe cha chai kila asubuhi, taratibu, katikati ya maua, toa ua lililonyauka. Mteja ambaye maua yake yamekaa siku nne au tano atakutafuta yeye mwenyewe. Aliyeona yamelala siku ile ile atawaambia wenzake.

Tumalizie na hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunasema, "Maua ni ya shambani kwangu, ni bure." Si bure. Hebu tufanye mfano, na bei hizi ni za kufundishia tu, wewe weka za kwenu. Waridi 20 kwa shilingi 300 kila moja ni 6,000. Matano uliyoyakataa kwa madoa ni 1,500. Boksi 3,000. Sponji 2,500. Utepe 500. Nauli 2,000. Kazi ya saa mbili, 3,000. Jumla ni shilingi 18,500. Ukiuza kwa 18,000 na kufurahi kwa kushika noti nyingi, umempa mteja zawadi ya shilingi 500 kutoka mfukoni mwako. Kwanza jua gharama, ndipo utaje bei. Na boksi la harusi au mahafali lisianze kutengenezwa kabla hujapokea malipo ya awali yanayotosha kununulia vifaa.

Anza na dogo. Kabla hujachukua oda ya watu, tengeneza boksi moja, liweke sebuleni kwako, uandike kila siku hali yake. Ua lipi lilitangulia kulala? Maji yalipungua kiasi gani? Majibu yatatofautiana kati ya Lushoto penye ubaridi na Tanga mjini penye joto. Usiahidi mteja siku tano kama sebuleni kwako mwenyewe yamekaa mbili.

Ndugu wakulima, kwa ufupi nimesema hivi. Vuna alfajiri au jioni, ukiwa na ndoo mkononi. Kata tena ncha ndani ya maji, uyanyweshe maua saa tatu au zaidi. Sponji izame yenyewe. Chombo kisivuje. Tenganisha maua na matunda yanayoiva. Piga hesabu ya kila kitu pamoja na kazi yako.

Kwa vikundi vinavyosikiliza pamoja, haya hapa maswali ya kujadili:

1. Katika kijiji chetu ni maua gani yanayotupwa kwa sababu ya shina fupi, na ni mangapi kwa juma?
2. Ni miezi gani mjini kuna mahafali na harusi nyingi, nasi tupogoe waridi lini ili zichanue wakati huo?
3. Nani miongoni mwetu anaweza kusuka makapu yenye mfuniko, na tumlipe kiasi gani kwa kila moja?
4. Tutapata wapi maji safi wakati wa kiangazi bila kuyanyima mboga na mifugo?

Mkikwama, mwoneni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yenu.